Siku Sita za Homa ya Beni

Kijijini, karibu na Mlali
Ijumaa, 12 Septemba 1980

Mwanangu Tekla,

Mwezi ujao itatimia miaka kumi na moja tangu tuliposhuka kutoka mlimani. Nimehesabu tena leo asubuhi kwa vidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, maana nilidhani nimekosea. Kutoka hapa mlangoni nauona mteremko wote hadi ukungu unapoanzia. Mtu mwenye miguu mizuri akiondoka alfajiri anafika kwa mjomba wako kabla ya adhuhuri. Mimi kwa miaka yote hii sijapanda hata kwenda kuzika.

Naandika saa kumi ya jioni kwa sababu mafuta ya taa hayapo dukani tangu Julai, na jua halinisubiri. Wewe na mjomba mmekwenda kuwaaga watu. Mkirudi nitakuwa nimeikunja barua hii na kuitia ndani ya kanga za mama yako, uikute ukifungua mzigo huko juu. Habari za chumvi, mbegu na namna ya kuishi na wake za wajomba Mama Skola amekwisha kukuambia, na anazijua kuliko mimi.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Jana tulipokuwa tukipepeta maharage nilikuita, ukaitika, "Abee, baba," nami nikakuuliza kama umewafunga kuku miguu. Ulinitazama kidogo, kisha ukasema umewafunga. Ulijua sikukuita kwa ajili ya kuku.

Mjomba wako Damiani alipofika Jumanne alianza kwa utani, kama kawaida ya shemeji zangu.

"Tumsifu Yesu Kristo, katekista! Mbona umekauka hivyo? Wanakulisha nini huku?"

"Milele amina. Tunalishwa hotuba, shemeji."

"Basi ongezeni chumvi."

Ulicheka mpaka ukaweka ungo chini. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu tumzike mama yako. Kisha akanywa maji, akakaa sawasawa, akasema alilolijia. Shamba la bibi yako, lile la migomba juu ya kijito, halina mwanamke wa kulikalia tangu afariki mama yako, aliyekuwa akipanda kulilima kila msimu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi inakwenda kwa mabinti. Mimi nililima pale miaka tisa kama mume wa mwenye shamba, si kama mwenye shamba. Kwa hiyo hakuja kuomba. Alikuja kukuchukua, na ana haki.

Lakini alinishangaza aliposema, "Na wewe shemeji, panda. Desturi hainilazimishi, mke ameshafariki. Ila huyu ni mtoto wako, na chumba kipo. Huku utakufa na mbu."

Ukadakia, "Baba, twende wote. Hapa unabaki na nani?"

Nikasema, "Tutaona." Ni jibu la mwoga. Jibu lenyewe ni barua hii.

Nianze na kushuka kwetu. Wewe ulikuwa na miaka minane, unakumbuka safari na mbuzi aliyetuponyoka. Hukumbuki yaliyotangulia. Bwana wa maendeleo alipanda kwetu mara mbili kutueleza habari za kijiji cha ujamaa kitakachoanzishwa huku chini: shule, shamba la pamoja, trekta, bomba la maji. Wakati ule mtu hakulazimishwa. Watu walimsikiliza, wakampa ndizi, wakarudi kwenye kabichi zao. Mzee Kasiani alimwambia waziwazi, "Bwana mkubwa, chini kuna homa. Babu zetu hawakupanda huku kwa kupenda baridi."

Mimi ndiye niliyewashusha. Padre alikuwa akifika kigangoni kwetu mara moja kila miezi miwili, na Jumapili nyingine zote niliongoza ibada mimi. Nilikuwa nimesoma kuliko wote pale, nilikuwa na sanduku la vitabu, na nilipenda mno sauti yangu. Nilihubiri Jumapili tatu mfululizo juu ya wana wa Israeli kutoka Misri. Jumapili ya tatu niliweka mkono wangu juu ya altare, nikasema kwamba Mungu mwenyewe anatutangulia, na kwamba hakuna mtoto hata mmoja atakayepotea.

Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Niliupenda ujamaa, na nisingependa ufikiri naukana leo. Kula pamoja na kulima pamoja niliviona vikifanana na Kanisa la mwanzo, na shuleni huku ndiko ulikojifunza kusoma maneno haya. Kosa langu ni kwamba nilitia sahihi ya Mungu kwenye karatasi ambayo hakupewa kuisoma. Kaya kumi na tatu zilibomoa nyumba zao zikanifuata. Mzee Kasiani alikuwa wa mwisho. Alipofika hapa, akaona vichaka na mahema mawili, alisema mbele ya watu wote, "Katekista, hii Kanaani yako, maziwa sijayaona, lakini mbu wameshatupokea." Watu walicheka, nami nikacheka nao.

Masika ya kwanza homa ilianza. Ilianza kwenye kaya mbili za mwisho wa kijiji, na tayari watu walikuwa wakinong'ona kwamba wangepanda kurudi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikiwatia moyo. Jumatatu moja niliporudi nilimkuta mdogo wako Beni anatetemeka hata meno yanagongana. Alikuwa na miaka mitatu.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri, Tekla.

Sisi tulitoka kwenye baridi. Kule juu mtoto akitetemeka, amepatwa na baridi. Anafunikwa mablanketi na kulazwa karibu na moto, na kesho yake anaomba uji. Hicho ndicho tulichojua, mimi na mama yako na bibi zako wote. Nilikuambia mimi mwenyewe, "Tekla, wewe kazi yako ni moto. Usiuache ufifie." Ukakaa pale mekoni siku baada ya siku na uso umejaa majivu, ukiongeza kuni, na kila nilipoingia ulinitazama ili nikuambie umefanya vizuri. Nilikuambia umefanya vizuri.

Jioni ile ile nilianza novena. Siku tisa za sala, mimi na mama yako, mlango umefungwa. Siku ya tatu mwili wa Beni ulikuwa unachoma mkono. Mama yako akasema, "Tumpeleke zahanati. Ni mwendo wa saa mbili tu." Nikamwambia tumalize novena kwanza. Siku ya nne akasema tena, akiwa ameshamfunga Beni mgongoni. Nilisimama mlangoni. Nikamwambia, "Anyesi, watu wakiona mtoto wa katekista anabebwa kwenda zahanati, kesho hakuna atakayebaki hapa." Alimfungua mgongoni, akamlaza.

Siku hizo nilikutuma useme kwa wenzako kwamba Beni amelala. Ulikwenda ukasema. Ulikuwa mtoto mtiifu.

Siku ya tano tulikuwa na ibada ya sikukuu chini ya turubai. Mama Skola aliniuliza mbele ya wote kama nyumbani kwangu tuko wazima. Nilimjibu kwamba nyumba yangu haijaguswa na homa kwa sababu tumeweka tumaini letu kwa Bwana. Watu wakaitikia amina. Nakumbuka Mzee Kasiani akivua kofia yake. Alikuwa na wajukuu wawili walioanza kuumwa. Alirudi nyumbani akafanya nilivyofanya mimi, akafunga mlango akasali. Wajukuu wale wamelala nyuma ya mikorosho, unayajua makaburi yao. Unayapalilia kila Novemba bila kujua kwa nini baba yako hakutazami ukiyapalilia.

Siku ya sita Beni alishikwa na degedege. Ndipo nilipombeba nikakimbia. Mama yako alikimbia nyuma yangu bila viatu, na wewe nyuma yake na kibuyu cha maji. Zahanati walimlaza kwenye benchi, na mganga akauliza, "Ameanza lini?"

Nikasema, "Jana."

Mama yako alinitazama. Mganga aliandika jana, akatafuta mshipa, hakuupata, na Beni akafa sindano ikiwa bado mkononi mwa mganga. Yule mama aliyekuwa akifagia pale alipoona mablanketi alisema kwa huruma, si kwa kulaumu, "Jamani, mtoto wa homa kali hawekwi karibu na moto." Wewe ulikuwa umesimama karibu na mlango. Niliuona uso wako, nikaelewa papo hapo ulichokielewa wewe. Ningeweza kukuambia neno moja. Sikukuambia, kwa sababu kama si moto wako, basi ni mdomo wangu.

Nilidhani watoto husahau. Mwaka jana mama yako alipokuwa amelala na ugonjwa uliomchukua, nilikuwa nje nachonga mpini, nikakusikia ukimwambia, "Mama, ni mimi niliyeongeza kuni." Akakujibu, "Siyo wewe, mwanangu. Muulize baba yako." Panga lilinitoka mkononi. Mwaka mzima sasa nimekuona ukikaribia kuniuliza, na ukigeuka. Kila unapogeuka nashukuru, halafu najidharau kwa kushukuru.

Siyo wewe, Tekla. Ulikuwa na miaka minane, ukafanya ulichoambiwa na mtu uliyemwamini. Moto ulimzidishia joto, hilo ni kweli, na mimi ndiye niliyeuagiza kwa kutojua. Kutojua Mungu anasamehe upesi. Lakini siku ya tatu nilikuwa nimeshajua kwamba hii si baridi. Nilijua, nikasimama mlangoni. Beni alikufa kwa sababu baba yake alikuwa anaogopa kuaibika mbele ya kaya kumi na tatu, na woga huo akauita imani.

Nimesoma tena nilichoandika. Sikubadilisha kitu.

Mwaka wa tatu huku nilikwenda kuungama kwa padre mzee wa misheni, yule mwenye pumu. Nilimweleza yote nikiwa nimepiga magoti. Nilisikia kifua chake kikikoroma. Kisha akasema, "Kwa Mungu nitakusemea mimi, ndiyo kazi yangu. Kwa mkeo na bintiyo nenda mwenyewe. Na wale uliowaambia uongo kanisani, uwaambie kanisani." Nikasema ndiyo, padre. Akaniondolea dhambi. Miezi michache baadaye alifariki, na hapakuwa tena na mtu wa kuniuliza kama nimekwenda.

Kwa mama yako nilikwenda wiki ile ya mwisho, baada ya kukusikia. Nilipiga magoti kando ya kitanda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole kwa sababu pumzi haikumtosha, "Haya yote nilikuwepo. Mimi swali langu ni moja tu. Siku zile ulikuwa unamsalia nani, mtoto au watu?" Nikamwambia, watu. Akafumba macho. Akasema, "Afadhali umesema." Sijui kama huo ulikuwa msamaha. Naomba iwe ndivyo. Aliniomba maji, nikampa, akayanywa kutoka mkononi mwangu.

Unajua mama yako tulimpeleka hospitali mjini siku ile ile alipozidiwa. Niliazima baiskeli ya mwenyekiti, nikamfunga kwenye kiti cha nyuma kwa kanga, tukamsukuma wewe na mimi mpaka barabarani, tukabembeleza lori la serikali. Sikungoja hata kuvaa shati. Nilifanya kila nilichokataa kumfanyia Beni, na dawa alipata, na daktari alikuwa mwema. Akafa siku ya nne. Kwa hiyo usidhani nakuandikia kwamba ukifanya haki Mungu atakupa unachotaka. Nilitamani sana iwe hivyo. Ningekuwa na kitu cha kukufungashia.

Asubuhi ile kwenye benchi la hospitali wewe ulikuwa umekwenda kutafuta sanda. Nilijaribu kusali, mimi niliyesalisha watu miaka ishirini, sikuwa na neno hata moja. Sala zote ninazozijua nilikuwa nimezitumia vibaya, zilikuwa kama vyombo vilivyotiwa sumu. Nikasema tu, "Bwana, niko hapa. Sina pa kwenda." Sikusikia kitu. Hakuna amani iliyonishukia, kama inavyoandikwa kwenye vitabu vya watakatifu. Lakini sikuinuka nikaondoka. Nilikaa nikiwa na hasira naye, nikiwa namwogopa, nikiwa simwelewi, nikakaa. Mwanangu, hiyo ndiyo imani niliyonayo. Ile ya zamani, yenye sauti kubwa, ilikuwa ni mkataba: mimi nakutangaza, wewe unilinde na aibu. Nilimtegea Mungu mtego nikamweka mwanangu kama chambo.

Utafika mahali pagumu. Huko juu wapo watakaosema umezaliwa na baba aliyewauzia wenzake homa, na wana haki ya kusema. Shamba limekaa mwaka mzima bila jembe. Inawezekana utaumwa, utazaa na kuzika, utanyimwa mvua. Sitakuambia Mungu atakuondolea hayo, nilishasema hivyo mara moja juu ya altare. Nakuambia nilichokiona: yeye hakuniacha wakati nilipokuwa namtumia, na hakuniacha nilipokosa cha kumwambia. Mtoto akiumwa mbebe ukimbie, usali njiani, kwa miguu inayokwenda. Zahanati, na yule mganga aliyetafuta mshipa, na mama yako aliyemfunga Beni mgongoni siku ya nne, nadhani hao walikuwa jibu la novena yangu tangu siku ya kwanza. Nililizuia jibu mlangoni kwa mwili wangu.

Huenda baada ya kusoma haya hutaniandikia tena. Nimelifikiri hilo tangu Jumanne, na ndilo lililonifunga mdomo jana kwenye maharage. Wewe ndiye uliyebaki. Kuna saa leo nilitaka nikuache uondoke ukiwa unanipenda na unajishuku, kuliko uwe mzima na unichukie. Tazama jinsi mtu anavyoweza kurudia dhambi ile ile baada ya miaka kumi. Mjomba wako angesema nimezidi kufikiri. Lakini ninakuomba, hata ukinichukia, siku utakapowasha jiko lako huko juu usiogope kuongeza kuni. Moto ni wako. Lawama ni yangu, niachie.

Sasa nikujibu swali la Jumanne. Keshokutwa Jumapili nitasimama mbele ya watu, kwenye ibada, niwaambie kuhusu siku sita za Beni na lile jibu nililompa Mama Skola. Mzee Kasiani bado anakaa kiti cha mbele. Hasikii vizuri, itabidi niseme kwa nguvu. Yatakayofuata siyajui. Wakiniondolea ukatekista watakuwa wamefanya sawa. Wakikataa kunisalimu nitapita kimya kwenda shamba la pamoja na kulima sehemu yangu, nikae nyuma kabisa kanisani. Usidhani ni ujasiri unaoandika hapa. Nina woga ule ule. Tofauti ni kwamba safari hii simtumi Mungu aje auzibe.

Kaya tisa kati ya zile kumi na tatu bado zipo. Nyumba zao za mlimani zilikwishaoza, viunga vyao wanalima wengine, na hakuna shemeji aliyeshuka kuwaambia kuna chumba. Walikuja kwa neno langu. Hawawezi kurudi, na makaburi yao yako hapa, pamoja na la Beni na la mama yako. Siwezi kuwaambia ukweli siku ya Jumapili kisha Jumatatu nikapanda kwenda kupumua hewa ya baridi.

Nakusikia unakuja na mjomba wako, anapiga kelele kuhusu kuku. Mwambie ahsante, na kwamba mtu mwingine alazwe kwenye chumba kile. Mungu akutangulie, Tekla, na hili nalisema bila kuweka mkono juu ya kitu chochote. Mimi nabaki huku. Sitarudi mlimani.